Chupa Iliyojaa Yenyewe

Kitu cha kwanza alichokiona asubuhi ile kilikuwa kidogo sana: dawa ilikuwa imeongezeka.

Nukta aliinyanyua chupa hadi usawa wa dirisha, akaitazama tena. Jana, baada ya kunywa kijiko chake, ile dawa ya rangi ya waridi ilikuwa imeshuka chini ya ukingo wa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Alikuwa na hakika, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kufunga kifuniko alikuwa na mazoea ya kuangalia imefika wapi. Leo imepanda, imeupita ukingo ule na kwenda juu. Dawa si unga uliotiwa hamira, haiumuki mtu akilala.

“Mama, chupa yangu imejaa.”

Mama yake alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga mzigo wa mashuka. Hakugeuka. “Kunywa uende shule.”

“Lakini jana ilikuwa...”

“Nukta! Kunywa, utachelewa.”

Akanywa. Ladha ilikuwa ile ile, utamu mbele na uchungu nyuma. Akafuta kijiko, akaiweka chupa mahali pake, akachukua mkoba. Hakusema neno lingine. Nukta halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata pale uani, kwa sababu ukimuuliza jambo anajibu neno moja, na mazungumzo yanaishia hapo.

Ua wenyewe ulikuwa mpana, umezungukwa na vyumba vya kupanga pande zote, na ndio uliokuwa kiwanda chao. Akina mama wote wa pale walikuwa madobi. Walifua mashuka, foronya na taulo za nyumba za wageni za barabara ya juu. Alfajiri kila mama alitoka na sabuni yake ya unga, akaimimina kwenye pipa moja kubwa la bluu lililokaa katikati ya ua. Maji yakatiwa, yakakorogwa kwa mti, kisha kila mmoja akachota ndoo yake humo. Mwenye sabuni nyingi alimimina nyingi. Aliyeishiwa alimimina kidogo, au hakumimina kabisa, na hakuna aliyechungulia mkono wa mwenzake. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Kwa hiyo shuka la mtu halikutoka jeupe kuliko la jirani, na hakuna aliyepoteza kazi peke yake.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mizito na sauti ya kuitia watu mtaa wa pili. Walimwita Kamanda. Kamanda akikohoa, hata kuku wa jirani walijipanga mstari.

Lakini kazi ile ilikuwa na ubaya wake. Moshi wa majiko ya kuchemshia maji, mvuke wa pasi na harufu kali ya dawa ya madoa vilikaa uani kutwa nzima, na watoto kadhaa wa pale walikuwa na pumu. Nukta alikuwa mmoja wao. Binti wa Kamanda, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa mwingine. Huyu walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzima. Walikuwepo pia wavulana wawili wa Mama Pacha, wadogo, waliofanana mpaka mama yao aliwavisha mashati ya rangi tofauti ili asimwogeshe mmoja mara mbili.

Ndiyo maana muuguzi wa kituo cha afya alikuja pale. Watu wote walimwita Sista. Aliwakusanya mama na watoto, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawaeleza.

“Tuna dawa ya maji. Tunadhani inaweza kupunguza kubanwa kwa kifua. Tunadhani, lakini hatujui. Ndiyo sababu ya kufanya utafiti. Watoto wote wataendelea na dawa zao za kawaida, hakuna atakayenyang’anywa. Juu ya hizo, wengine watapata chupa yenye hii mpya, na wengine watapata chupa yenye rangi na ladha hiyo hiyo, ila haina dawa ndani. Hata mimi sijui ipi ni ipi. Mwishoni tutalinganisha. Kila mtoto chupa yake, asionje ya mwenzake.”

“Na asiyetaka?” Kamanda aliuliza.

“Asiyetaka anakataa. Na aliyekubali leo akibadili mawazo kesho, anatoka. Hakuna atakayemnunia, na matibabu yake pale kituoni yako pale pale.”

Mama walikubali mmoja mmoja. Zamu ya Nukta ilipofika, mama yake alisema, “Huyu amekubali, Sista. Andika tu.”

Sista aliweka kalamu chini. “Ruhusa yako naihitaji, mama, na nimeisikia. Lakini kifua ni chake. Wewe mwenyewe unasemaje?”

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumsubiri Nukta namna ile. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Sista naye akasubiri, kana kwamba hana safari nyingine siku hiyo.

“Nakubali,” Nukta alisema mwishowe. “Nitakunywa kama mlivyosema, na nitawaambia kinachotokea.”

Redio alipiga makofi. Alisema hajawahi kumsikia Nukta akiongea sentensi ndefu hivyo tangu wazaliwe.

Sasa, wakiwa njiani kwenda shule, Nukta alimtazama rafiki yake kwa upande. “Redio. Chupa yako nayo imejaa?”

Redio akacheka, akaziba mdomo, akageuka nyuma kuona kama kuna mtu. Siri ilikuwa inamwasha mwili mzima. “Usiseme nimekwambia. Haki ya nani, usiseme. Wamezichanganya!”

“Zipi?”

“Chupa! Zote! Jana tulipokuwa shule. Mama Pacha alilia mpaka macho yakavimba. Akasema watoto wake wamelala tumbo moja, iweje leo mmoja anywe dawa na mwenzake anywe maji ya rangi? Mama akasema hapa hakuna mtoto wa kambo. Akamimina chupa zote kwenye beseni safi, akakoroga kwa mwiko, akagawa sawasawa. Yako imeonekana kujaa kwa sababu ilikuwa imeshuka kuliko zote, wewe huruki hata siku. Sasa kila mtu anapata nusu ya dawa. Mama yangu ana akili, ama hana?”

Nukta alisimama katikati ya njia. “Sasa hawatajua.”

“Hawatajua nini?”

“Chochote.”

Siku hiyo darasani mwalimu alimuuliza swali, akajibu jambo lingine kabisa. Kichwa chake kilikuwa uani, kwenye lile beseni.

Aliporudi alimkuta mama yake akipiga pasi foronya. Nukta alisimama mbele ya meza bila kuvua mkoba.

“Shikamoo, mama. Mlichanganya dawa.”

Pasi ilisimama. Foronya ikaanza kutoa moshi, mama akainyanyua haraka. “Nani kakwambia? Aa, usijibu. Nani mwingine kama si Redio.”

“Sista alisema kila mtoto chupa yake.”

“Sista haishi hapa.” Mama alishusha sauti. “Mama Pacha alilia, Nukta. Ungekuwepo ungemwambia nini? Katika ua huu hatuwezi kukaa mmoja akila na mwingine akitazama. Mwaka juzi ulipozidiwa, ni nani aliyekubeba mpaka kituoni? Kamanda. Mgongoni kwake, na mvua ikinyesha. Kwa hiyo nyamaza.”

“Nani huyo anayeambiwa anyamaze?” Kamanda aliingia na ndoo mkononi. “Nukta? Huyu huyu? Leo jua litachwea mashariki.”

Nukta angeweza kuondoka. Mara zote huwa anaondoka. Badala yake alishika ukingo wa meza.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba. Haya, sema, tunasikiliza.”

“Yule muuzaji alipowaletea sabuni mbili mpya za kutoa madoa, mlifanyaje?”

Kamanda alishangaa. “Si tulizijaribu? Hii beseni lake, na hii beseni lake, na mashuka yenye doa moja.”

“Kwa nini hamkuzitia zote pipani?”

“Mtoto ana maswali huyu! Tungezitia pipani tungejuaje ipi inatoa...” Kamanda akakata maneno. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

“Hapo,” Nukta alisema.

“Hapo wapi?” Kamanda aliweka ndoo chini kwa kishindo, maji yakaruka. “Shuka si mtoto! Shuka likiharibika natia kiraka. Mtoto wa Mama Pacha akibanwa kifua nitamtia kiraka wapi? Niambie wewe mwenye akili!”

Nukta alijua kubanwa kulivyo. Lakini hakurudi nyuma.

“Mimi sinywi iliyochanganywa. Nilikubali kunywa yangu. Na Jumamosi Sista akija nitamwambia.”

“Nukta!” Mama yake alishtuka.

“Mwache,” Kamanda alisema akichukua ndoo yake. “Atamwambia nini? Mbele ya Sista atameza ulimi kama kawaida yake.”

Asubuhi zilizofuata mama alimwekea kijiko mezani, na Nukta akakiacha pale pale. Alivuta dawa yake ya kawaida, ile ya kopo la kupuliza mdomoni, akaenda shule. Mama alimgombeza, kisha akambembeleza, kisha akanyamaza. Akina mama wengine walimtazama akipita, wakacheka chinichini. Walikuwa na uhakika na tabia yake. Mtoto anayeshindwa kuomba chumvi kwa jirani atasimamaje mbele ya watu?

Jumamosi Sista alifika na mfuko wake wa bega. Chupa zilipangwa juu ya meza ya pasi. Alizitazama, akainama, akazitazama tena. Dawa ilikuwa imesimama usawa mmoja kwenye chupa zote, isipokuwa ya Nukta iliyokuwa juu kidogo.

“Mmetumia kama tulivyokubaliana?”

“Ndiyo, Sista,” waliitikia pamoja.

“Kila mtoto chupa yake?”

“Chupa yake!”

“Hamkosei hata tone. Sijawahi kuona nyumba kama hii.”

“Sisi watu wa kazi, Sista,” Kamanda alisema, na wote wakacheka. Sista naye akatabasamu, akatoa kalamu.

Nukta alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Redio alimwona, akatikisa kichwa haraka: usithubutu. Mama yake naye alimwona, akafumba macho.

“Si kweli,” Nukta alisema.

Ilitoka kama mkwaruzo. Hakuna aliyegeuka. Basi akatoka mlangoni, akaja mpaka kwenye meza, akasema tena kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

“Si kweli! Zimechanganywa. Zote, kwenye beseni moja. Hawakufanya kwa ubaya, walitaka mapacha wapate sawa. Lakini hakuna mtoto aliyekunywa yake. Na mimi sijanywa tangu siku ile.”

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye shuka, likasikika.

Sista hakupiga kelele. Alifunga kalamu taratibu. “Asante kwa kuniambia,” alisema. Kisha akawageukia mama. “Chupa zote naondoka nazo. Watoto waendelee na dawa zao za kawaida. Wakibanwa, waleteni kituoni saa yoyote, kama siku zote. Mengine atakuja kuyasema daktari wetu.”

Alipotoka tu, Kamanda alimsogelea Nukta. Hakuwa akifoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

“Nilikubeba mgongoni.”

“Nakumbuka, mama mkubwa. Sijasahau.”

“Na hii ndiyo asante yake?”

Machozi yalimjaa Nukta, lakini aliinua kidevu. “Asante niliisema siku ile. Leo nimesema kweli.”

Kamanda aligeuka, akaenda zake.

Kesho yake, mama wa Nukta alipotoka na beseni la mashuka mabichi, alikuta kamba yake imefunguliwa. Ilikuwa imefungwa upya kule ukutani, nyuma ya choo, mahali ambapo jua halifiki mpaka linapokaribia kuzama. Hakuuliza. Alianika pale pale. Mashuka yalikaa na unyevu siku nzima, na mzigo wake ukawa wa mwisho kwenda barabara ya juu. Jioni alimpa Nukta chakula chake bila neno. Nukta alikula bila kuhisi ladha. Alikuwa tayari kuchukiwa yeye. Hakufikiri kwamba wangemchukia mama.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu.

“Mchongezi huyo!” Redio alisema mbele ya wenzake. “Eti Nukta siku hizi anaongea. Nani kakutia betri?”

“Betri ni za redio,” Nukta alijibu. “Mimi naongea bila betri.”

Wenzake wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alikosa la kusema. Nukta naye alitaka kucheka, lakini aliyekuwa akichekwa ndiye aliyekuwa rafiki yake. Akaenda kukaa peke yake.

Wiki zilipita hivyo. Alikuwa akipita uani na salamu yake, “Shikamooni,” na wengine waliitikia na wengine walijifanya wanasuuza. Aliendelea kusalimia. Mama mmoja alimwambia, “Muombe radhi Kamanda yaishe.” Nukta akajibu, “Nitamuomba radhi nikimkosea.” Mama yule alibaki na shuka mkononi, mdomo wazi.

Hatimaye daktari wa utafiti akaja pamoja na Sista. Alikuwa mwanamke mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Kamanda alikuwa amejiandaa kwa vita. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, na nyuma yake wenzake wote.

“Karibu, Daktari. Kama umekuja kutugombeza, anza na mimi. Ni mimi niliyekoroga. Na kwa yale machozi ya Mama Pacha, ningekoroga tena.”

“Nimekuja kuomba radhi,” daktari alisema.

Mikono ya Kamanda ikashuka yenyewe. “Radhi ya nini tena?”

“Tulieleza mengi, lakini hatukuwauliza mnaishije. Tukawapa watu wa ua mmoja chupa za aina mbili, tukadhani kila mtu ataifungia yake kabatini.”

“Makabati yenyewe hatuna,” Kamanda alisema, na kicheko kikapita uani. Daktari naye akacheka, akavuta ndoo, akaipindua, akakaa.

“Lakini nawaomba mnisikilize. Yule binti asingesema, mwisho wa utafiti tungewalinganisha watoto hawa, tungekuta wote wako sawa. Tungesema, dawa hii haisaidii kitu. Na kama inasaidia? Ingeachwa. Watoto wote wanaobanwa kifua wangeikosa, na hawa wenu wakiwa wa kwanza. Na kama ina madhara tusiyoyajua bado, hayo nayo tusingeyaona.”

Kamanda alilitupia jicho pipa la bluu, kisha akaangalia pembeni. Mama Pacha ndiye aliyesogea mbele, kila mkono umeshika mtoto.

“Daktari, mimi nina wawili. Moyo wangu hauna upande.”

“Najua. Na hukukosea kuumia. Ulikuwa na haki ya kutuambia, basi, sitaki tena. Mlango huo ulikuwa wazi. Tuliutaja mara moja, tukadhani umesikika.”

“Basi naupita leo. Wanangu watoke.”

Watu wote walimtazama daktari kuona atafanya nini. Daktari aliitika kwa kichwa. “Wametoka. Tunakushukuru kwa muda mliotupa. Kliniki yao ya kifua ni siku ile ile, waje kama kawaida.”

“Ndiyo hivyo tu?”

“Ndiyo hivyo tu.”

Mama Pacha alishusha pumzi, akakaa chini na watoto wake mapajani.

“Na sisi wengine?” Kamanda aliuliza. Sauti ilikuwa bado kali, lakini si kama mwanzo.

“Zile siku mlizochanganya zitaandikwa zilivyokuwa, hatutazificha. Tumepeleka suala lenu kwa kamati inayosimamia tafiti, nao wamekubali kwamba nyumba kama hizi, watu wanaoshirikiana kila kitu, wapewe chupa za aina moja nyumba nzima. Nyumba nyingine labda itapata aina nyingine. Anayetaka kuendelea aseme. Asiyetaka aseme vilevile.”

“Na ikitokea yetu ndiyo isiyo na dawa?”

“Basi wote mtapata isiyo na dawa.”

“Wote? Hata wa kwangu?”

“Hata wako.”

Kamanda alifikiri. “Yaani kama tunakosa, tunakosa pamoja?”

“Pamoja.”

“Aa! Sasa tunaelewana! Si mngesema hivyo tangu mwanzo?” Ua mzima ulicheka, hata Sista.

Daktari aliwaita watoto wasogee karibu. Hakuongea kama mtu anayehutubia. Aliongea kama mtu anayeelekeza njia.

“Sikilizeni. Dawa unayovuta kifua kikibana, kuna watu waliokubali kuijaribu kabla yako. Hawakulazimishwa. Walielezwa, wakauliza, wakakubali kwa hiari yao. Kisha walisema kweli: leo nimepata nafuu, leo sikupata, leo nilisahau kunywa. Mtu anayejitolea hatoi mwili wake peke yake, anatoa na ukweli wake. Bila ukweli huo, sisi madaktari tunapapasa gizani na nyie ndio mnaoumia. Kwa hiyo ukiulizwa, usiitikie kwa kuwa mwenzako ameitikia, au kwa kumwogopa mkubwa. Elewa kwanza. Ukikataa, kataa bila kuogopa. Ukikubali, sema kweli mpaka mwisho, hata kama kweli hiyo itawanunisha watu.”

Hakumtazama Nukta aliposema hivyo, na Nukta akamshukuru moyoni.

Redio alikubali kabla hajaulizwa. Alijibu na maswali ya watoto wengine wawili, mpaka Sista akamwomba awaachie midomo yao. Nukta alipofikiwa hakuangalia vidole vya miguu. “Naendelea,” alisema.

Wageni walipoondoka, Kamanda alimjia Nukta, akasimama mbele yake.

“Wewe ni mkaidi.”

“Ndiyo, mama mkubwa.”

“Mkaidi kuliko doa la kutu.” Akageukia ua, sauti yake ikarudi mahali pake. “Nani alihamishia kamba ya watu nyuma ya choo? Nani mwenye roho hiyo? Irudisheni juani!” Na kwa kuwa kila mtu alijua ni nani aliyeihamisha, kila mtu aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Kamanda mwenyewe ndiye aliyeifungua na kuifunga upya.

Siku iliyofuata Nukta alimsaidia mama yake kuanika. Jua lilikuwa kali, upepo ukiyajaza mashuka na kuyaacha. Mama alitandaza, Nukta akampa vibanio.

“Nilikuacha peke yako,” mama alisema akiwa upande wa pili wa shuka. “Ulisimama pale mbele ya watu, na mimi mama yako nikafumba macho. Nilikuona jasiri, halafu nikaona aibu.”

“Kamba yako ndiyo iliyohamishwa, mama, si yangu.”

“Kamba si kitu.” Mama aliinua ukingo wa shuka, akamtazama. “Ila nieleze jambo moja. Ungenyamaza, yangepita. Hakuna ambaye angejua. Wewe, ambaye ukitumwa dukani unaomba Redio akusindikize, ulipata wapi nguvu ile? Ni kwa ajili ya lile neno ulilompa Sista tu?”

Nukta alikishika kibanio mkononi. Kila aliyemuuliza alikuwa amemjibu hivyo, nilimpa Sista neno langu. Na ilikuwa kweli. Ila haikuwa yote.

“Usiku kifua kikibana, huwa sikuamshi,” alisema. “Nauma foronya ili usinisikie, kwa sababu umefua kutwa na umechoka. Navuta ile dawa ya kopo gizani, nakaa nasubiri. Nataka wapate dawa, mama. Nataka wajue kwa kweli, si kwa kudhani. Mimi naogopa kulala. Kila siku naogopa kulala. Na kuanzia leo kikibana nitakuamsha, hata kama umechoka.”